Moyo wa Kuku Ndani ya Ng'ombe

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, mbele ya meza ya muuza vipuri, nilipokwenda kutafuta utambi wa jiko la mafuta. Muuza vipuri alikuwa akifuta misumari kwa kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, “Moyo wa Kuku amekufa jana. Tumbo.” Kisha akaniuliza kama ninataka utambi wa duara au wa bapa. Nikasema wa bapa. Jiko langu ni la duara, na hilo nililigundua nilipofika nyumbani. Wengi mnaosoma ukurasa huu mlimjua kwa jina hilo la utani: mzee mwembamba aliyetengeneza pikipiki chini ya mabati mawili kule mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, asiyepokea gari hata moja, hata mtu akimbembeleza. Mlimwita Moyo wa Kuku, naye aligeuka akawasikiliza. Wachache mnajua jina lilitoka wapi, na hao wachache mnajua vibaya. Kosa si lenu. Ni langu, na nimeona siwezi kumwacha alale nalo kaburini.

Kabla ya vita alikuwa fundi wa magari, na fundi mzuri. Mke wake alikuwa mshonaji. Polio ilimkausha mguu mmoja tangu utoto, akawa anatembea kwa mkongojo, na cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono kwa sababu ya kukanyaga ingemshinda. Hawakujaliwa mtoto. Ua wao na wetu ulitenganishwa na matete tu, na mume wangu alipokuwa kwenye dhahabu huko Mongbwalu, wao ndio walionisikia nikikohoa. Vita vilipoanza Djugu, watu wa Fataki wakawa wanaingia Bunia na magodoro kichwani, kila nyumba ilianza kufikiria itakimbilia wapi. Sisi wengine tuliangalia viatu vyetu kama vitatufikisha. Yeye aliangalia mguu wa mke wake.

Alikuwa na jipu moja kuukuu, aliloachiwa na misheni baada ya injini yake kupasuka. Bodi ilikuwa nzima, na magurudumu yote manne yalivuta, hata kwenye matope ya kufika magoti. Lakini injini ya namna ile hata ingepatikana nyingine, ilikunywa petroli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji, na petroli ya wakati ule iliuzwa kwa chupa kando ya barabara, ikipotea kila bunduki zilipolia. Basi akaamua kuweka injini nyingine. Gari dogo la mfanyabiashara lilikuwa limepigwa risasi njia ya Bogoro. Milango ilikuwa chujio, lakini injini haikuguswa. Ilikuwa injini ya injeksio, ambayo haina kabureta: pampu ya umeme husukuma petroli, nayo hunyunyizwa ndani kidogo kidogo kwa kipimo. Kipimo hicho hutolewa na kisanduku cha bati chenye waya nyingi, kikubwa kama Biblia. Mafundi wengine walikiita kalkilatere. Yeye alikiita ubongo. Alinieleza mpango wake siku moja akiwa ameegemea matete: bidoni moja ya lita ishirini, injini isiyo na ulafi, na mke wake ng'ambo ya Komanda kabla ya jua kutua. Hakuwa na mpango wa pili.

Mafundi wenzake walimcheka. Mmoja, mkubwa wao, alikuja na kigoda akaketi kumtazama kama mtu anayetazama mpira. “Weye unaweka moyo ya kuku ndani ya ng'ombe,” alimwambia. “Ng'ombe itaanguka.”

“Itatembea. Na haitakula majani mingi.”

“Ikisimama mu pori utaifanya nini? Hii haina kitu ya kugonga na nyundo.”

“Nitaisemesha Kifaransa. Hii ilisoma, haiko kama weye.”

Watu walicheka, na mkubwa wa mafundi pia alicheka, lakini jina lilikuwa limezaliwa.

Kazi ile niliiona kwa macho yangu, kwa hiyo naweza kuisema. Injini ya gari dogo na giaboksi ya jipu havikukutana. Matundu ya bolti hayakulingana hata moja. Alipaka karatasi grisi, akaibandika kwenye uso wa giaboksi, akapata picha ya matundu, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye injini. Picha mbili zile akazihamishia kwenye bamba nene la chuma alilolikata kutoka kwenye chesisi ya lori bovu. Alikata kwa msumeno wa mkono na kumalizia kwa tupa. Siku nyingi sana tuliamka kwa sauti ya tupa ile na kulala nayo, na ikinyamaza tulishtuka, tukidhani kuna jambo mjini. Tangi la zamani lilikuwa na kutu, akatia kokoto na maji ya sabuni, tukalitikisa watu wanne mpaka maji yakatoka meupe. Waya alizozipata zote zilikuwa nyeusi, za rangi moja, na mtu akikosea waya mmoja tu wa ubongo, basi. Hapo ndipo mke wake alipoingia kazini. Aliketi kwenye mkeka na vibweta vyake vya nyuzi, mumewe akimwambia, “Huu ni wa pampu,” naye anafunga uzi mwekundu huku na huku. “Huu ni wa joto,” anafunga wa kijani. Alifunga mafundo ya mshonaji, yale ambayo hayafunguki mpaka ukate. Mwisho injini ile ilionekana kama mtoto aliyevishwa shanga.

Siku ilipowaka, kwanza tulisikia pampu, sauti ndogo kama ya nyuki ndani ya chupa, halafu injini ikashika bila kukohoa. Walikwenda mpaka daraja la mto Shari wakarudi, mke wake amekaa mbele na mkongojo mapajani, akipunga mkono kama bibi harusi. Fundi alipima mafuta kwa kijiti kabla na baada. Akanionyesha kijiti. Alama mbili zilikuwa zimekaribiana, na macho yake yalikuwa na maji.

Sasa niwakumbushe wale mliokuwa watoto. Wakati ule gari lililoweza kuwaka halikuwa la mwenyewe. Lilikuwa la yeyote aliyekuja na bunduki. Kwa hiyo watu walijifunza kuyaua magari yao kidogo: walitoa kabureta, wakaitumbukiza kwenye oili chafu, wakaifunga kwenye gunia na kuizika uani. Siku ya haja waliichimbua, wakaipangusa, na gari likawaka. Si kabureta tu. Bunia nzima ilikuwa imezikwa. Kulikuwa na cherehani chini ya migomba, mabati chini ya viazi, masufuria, magurudumu ya baiskeli. Tuliweka ardhini kila tulichokipenda, na mikono yetu ikazoea kiasi kwamba ukishika kitu cha thamani, kabla ya kufikiri ulikuwa unatafuta jembe.

Yeye hakuzika. Alichomoa ubongo tu na kuuficha nyumbani. Wenye silaha walikuja kweli, na betri yao, wakahangaika asubuhi nzima, wakalisukuma jipu hadi mwisho wa barabara. Injini ya kabureta wangeiwasha kwa kusukuma, hii haikuwajibu. Fundi alisimama pembeni na kofia mkononi. “Chef, hii iko maiti,” alisema. “Mimi mwenyewe nilishaililia.” Walimpiga makofi mawili na wakaahidi kurudi kupekua nyumba, kwa sababu mmoja wao alisema fundi hawezi kuwa maskini wa maarifa hivyo. Jioni ile alipita kwenye matete na kifurushi cha kitambaa cha maua, kipande kilichobaki kwenye ushonaji wa mke wake.

“Yaya,” aliniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, “weka hii juu ya dari yako, pale unakausha mahindi. Kwako hakuna gari, hakuna mutu atatafuta ubongo ya gari mahali hakuna gari.”

“Moshi haitaiharibu?”

“Moshi hapana. Lakini usiiweke chini. Kabureta inaweza kulala mu udongo na kuamka. Huyu hapana. Maji ikiingia, amekufa.”

Nilisikia vizuri. Sikuwa na shughuli nyingine wala kelele yoyote masikioni. Aliniambia usiiweke chini, na nilielewa.

Siku chache baadaye walipekua upande wa pili wa barabara. Katika nyumba moja walikuta redio ya jeshi, sijui ilifikaje pale, na mwenye nyumba hakutoka tena akiwa hai. Niliketi jikoni nikitazama dari. Kile kisanduku chenye waya, kwa macho yangu, hakikuwa tena ubongo wa gari. Kilikuwa redio. Nani angenisikiliza nikieleza tofauti? Nilikuwa na watoto watatu ndani. Nilikishusha, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikakifunga gunia, nikachimba chini ya mgomba, nikazika. Nilifanya kama kila mtu alivyofanya. Hata oili chafu nilimwagia juu ya gunia, kwa kuwa niliona wengine wakimwagia, na nikajisikia kama mtu aliyefanya kazi kamili. Ulikuwa msimu wa mvua.

Yeye aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kama wiki moja baadaye, mimi nikianua nguo. “Yaya, kile kifurushi iko salama?” Nikajibu, “Iko pale uliniambia.” Mara ya pili ilikuwa Jumapili tukitoka kusali, mke wake yuko kati yetu, jua linachoma mpaka tulitafuta kivuli cha ukuta. Aliuliza tena, nikajibu maneno yale yale. Mke wake alinishika mkono akasema, “Bila weye tungefanya nini.” Nimeyaandika maneno hayo hapa ili nisiweze tena kuyakwepa.

Siku ya kukimbia ilifika asubuhi, wakati majeshi ya kigeni yalikuwa yanaondoka na hakuna aliyejua nani angeingia nyuma yao. Milio ilianza upande wa mlimani. Barabara ilijaa watu wote wakielekea njia ya Komanda. Fundi aliruka matete. “Yaya, leta ile kitu.” Nilitazama dari mara moja, sijui kwa nini, labda nilitumaini itakuwa imerudi yenyewe. Kisha nikachukua jembe. Alinifuata mpaka kwenye mgomba. Alininyang'anya jembe kwa upole akachimba mwenyewe, haraka, na gunia lilipotoka lilikuwa zito kuliko lilivyoingia. Mfuko wa plastiki ulikuwa na tundu. Maji ya rangi ya chai yalimwagika miguuni petu.

Alifungua kisanduku kwa bisibisi, akafuta ndani kwa shati lake, akapuliza. Vichuma vidogo vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Akakiunganisha hivyo hivyo, uzi kwa uzi. Mke wake alikuwa tayari amekaa kwenye jipu, mkongojo mapajani, kibweta cha nyuzi mkononi. Fundi aligeuza ufunguo. Nilisikiliza nyuki ndani ya chupa. Hapakuwa na nyuki. Akageuza tena.

“Inawaka?” mke wake aliuliza.

“Iko inafikiria,” alimjibu.

Mkubwa wa mafundi alipita anakimbia na familia yake, akasimama. “Achia hiyo moyo ya kuku, twende! Nilikuambia!” Wengine pia walisimama, majirani sita au saba, na wote walimtazama yeye, wala hakuna aliyenitazama mimi niliyekuwa na matope mpaka kwenye viwiko. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini yeye alifunga boneti, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, “Ni mimi. Nilikosea waya.” Kisha akamwambia mke wake, kwa sauti ndogo, “Unisamehe.” Na mke wake, aliyefunga kila uzi kwa vidole vyake na kujua hakuna waya uliokosewa, alimtazama, halafu akanitazama mimi. Nadhani alijua. Alinyoosha mikono tu, ili abebwe.

Fundi alimbeba mgongoni. Mimi nilitembea nyuma na watoto wangu, nimeshika mkongojo wake. Tulivuka Shari, mvua ikatukuta, ikatulalia mwilini usiku kucha na kesho yake. Hatukupata paa. Siku ya tatu mwili wa mke wa fundi ulikuwa wa moto hata kwenye baridi ile, na kabla ya Komanda alimwomba mumewe amshushe kidogo apumzike, akapumzika moja kwa moja. Tulimzika kando ya njia kwa majembe ya watu tusiowajua. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akitembea kwa kuegemea ukuni. Fundi alichukua mkongojo mikononi mwangu, akampa. Bibi akashukuru, akaenda, na tuliutazama mkongojo ule ukitangulia mbele yetu mpaka ukapotea kati ya watu.

Tuliporudi Bunia hakugusa tena gari. Nani angempa? Wakati ule mji mzima ulijua hadithi ya fundi aliyemwekea ng'ombe moyo wa kuku, kwa ujuaji wake mke akafia njiani. Mkulima akikosa mavuno husema ni mvua. Fundi hana mvua ya kulaumu. Kazi yake ikikataa, ni yeye aliyeshindwa. Na huyu mmoja, ambaye mvua ya kweli ndiyo iliyomharibia, hakuitaja kamwe. Alitengeneza pikipiki. Amani ilipokuja kidogo, mji ulijaa magari ya injeksio, vijana wakawa wanayapima kwa mashine ndogo za mkononi, nao wakipita kwake walimwita jina lile bila kujua kwamba alifanya kwa tupa na nyuzi kitu ambacho wao wasingethubutu.

Na jipu? Mfanyabiashara mmoja alilinunua kama chuma chakavu, akaagiza ubongo mwingine kutoka Uganda, fundi wa huko akaja kuuchomeka. Liliwaka mara ya kwanza. Kwa miaka lilibeba maharage ya Fataki, na mwenyewe alisifu fundi wa Uganda. Siku moja lilisimama mbele ya duka, boneti wazi, nikaona nyuzi: nyekundu, kijani, njano iliyopauka. Fundi alikuwa upande wa pili wa barabara na spana mkononi. Aliziona pia. Akainama akaendelea na pikipiki yake.

Jioni hiyo nilimwendea. Nikamwambia nitasimama kanisani niseme ukweli wote. Aliweka spana chini, akaanza kupangusa mikono.

“Yaya, hapana. Bakiniita Moyo wa Kuku, nageuka. Bakikuita weye muuaji, utageuka namna gani? Na batoto yako?”

“Na jina lako la ufundi?”

“Nilishazoea.” Halafu, akiwa bado anapangusa mikono, akasema kama mtu anayeeleza kazi tu, bila lawama, “Kuzika haikuwa kitu. Mimi pia pengine ningezika. Lakini siku niliuliza, kama ungesema, ningeianika. Jua ya siku mbili, na brosi ya meno. Ilikuwa inatosha.”

Nilikubali kunyamaza. Nilijiambia ni yeye aliyetaka, na huo nao ulikuwa mgomba mwingine wa kuzikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi nilificha, na kifo kikaenda kwa mwingine. Juzi kwenye matanga mkubwa wa mafundi, sasa mzee asiye na meno, alisimulia tena habari ya kuku na ng'ombe. Aliisimulia kwa upendo, akilia kidogo, watu wakacheka kidogo kama inavyofaa matangani. Nami niliketi kati ya wanawake na kikombe cha chai, nikanyamaza mara ya mwisho.

Kazi yake haikuwa na kosa. Bamba lilikaa sawa, kila waya ulikuwa mahali pake, mafuta yangetosha, na mke wake angefika Komanda siku ile ile akiwa mkavu. Mimi ndiye niliyezika nilichoambiwa nisizike. Watoto wangu ni watu wazima sasa na wamesoma barua hii kabla yenu. Kwa wanaouliza niliyojifunza, ni machache na yamechelewa: hofu inaweza kumkosesha mtu yeyote, na jirani mwema ataisamehe hata kabla hujaomba. Ila akikuuliza habari ya kitu chake, mwambie hapo hapo. Mimi niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili jua lilikuwa linawaka.